Wazazi wa watoto wenye usonji: kabla ya kumfundisha kuongea, jirekodi dakika kumi ukicheza naye

#1 Mama Vifuniko

Habari za humu wazazi wenzangu. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Najua kuna mtu anauhitaji usiku huu kama nilivyouhitaji mimi miaka miwili na nusu iliyopita.

Mwanangu sasa ana miaka 6. Alipofika miaka mitatu na nusu alikuwa na maneno manne, kisha mawili yakapotea. Ukimwita jina hageuki, lakini ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Kazi yake kutwa ilikuwa kupanga vifuniko vya soda sakafuni, mstari mmoja kuanzia mlangoni mpaka kwenye kochi, na ole wako ukiukanyaga. Niliambiwa yote mnayoyajua. Kimeo kikatwe. Ulimi umeshikiliwa chini. Watoto wa kiume ndivyo walivyo. Hata baba yake alichelewa. Umemzoesha katuni. Hospitali wakasema ni usonji, nikapangiwa kumwona mtaalamu wa usemi mara moja kwa mwezi, dakika 45, daladala mbili kwenda na mbili kurudi.

Mara ya pili yule mtaalamu aliniambia jambo lililoniuma kidogo. Alisema safari ijayo niende na video: baba yake aturekodi kwa simu dakika kumi tukicheza sebuleni, bila kupanga chochote. Nilijiuliza, nimelipa ili yeye amfundishe mwanangu, sasa anataka kuniangalia mimi? Lakini nilienda nayo kifua mbele, maana kwenye ile video nafundisha kwelikweli.

Tuliiangalia pamoja. Hakunisahihisha hata mara moja. Alikuwa anasimamisha na kuniuliza: "Hapa yeye anaangalia nini?" "Na wewe unaangalia nini?" Baada ya dakika mbili akanipa kalamu nihesabu maswali yangu. Hii nini? Rangi gani? Sema nyekundu. Sema. Moja, mbili, halafu? Mwangalie mama. Nilihesabu 37. Kati ya swali na swali hata sekunde mbili hazipiti, na mtoto hajajibu hata moja.

Dakika ya sita ndiyo siwezi kuisahau. Kijana anaokota kifuniko cha kijani, anakigeuza upande wenye maandishi, halafu anainua macho na kunitazama usoni. Kitambo kifupi sana, kama mtu anayechungulia dirishani. Mimi wakati huo nimeinama uvunguni mwa kochi natafuta kifuniko chekundu ili nimfundishe nyekundu. Anangoja, haoni uso, anarudisha macho sakafuni. Mtaalamu akarudisha nyuma, akaicheza tena, hakusema neno. Nililia palepale. Mwaka mzima nilikuwa nasimulia watu kwamba mwanangu haniangalii.

Kazi niliyopewa ya wiki mbili za kwanza ilikuwa moja tu, na sijawahi kupewa kazi ngumu kama hiyo. Nikae sakafuni mkabala naye, uso wangu uwe pale macho yake yanapofika kirahisi. Alichoshika yeye ndicho kiwe mchezo. Nisiulize, nisiamuru. Akifanya jambo, nami nitaje kwa neno moja au mawili kile anachokiona wakati huo huo: "kifuniko", "kimeanguka", "kingine". Kisha nifunge mdomo na kuhesabu hadi kumi kimoyomoyo. Nusu saa kwa siku, au vipande vya dakika kumi kumi.

Kumi ni nyingi! Jaribuni sasa hivi mkiwa mmemtazama mtu. Mkono unawasha, mdomo unataka kusaidia. Wiki ya kwanza sikuona kitu isipokuwa kwamba alikuwa hanihami. Zamani nikikaa karibu alikuwa anageuza mgongo, kumbe alikuwa anayakimbia maswali. Wiki ya tatu alichukua kifuniko akakiweka kwenye kiganja changu. Nikasema "cha mama". Akakichukua, akakirudisha tena kiganjani. Mara saba mfululizo. Hakukuwa na neno lolote lililotamkwa na yeye, lakini hayo yalikuwa maongezi yetu ya kwanza: zamu yako, zamu yangu.

Sasa niwaambie inaitwaje. Ni PACT, kifupi cha Kiingereza cha tiba ya mawasiliano kwa watoto wenye usonji, ilitengenezwa Uingereza, na aliyeongoza utafiti wake ni Profesa Jonathan Green wa Chuo Kikuu cha Manchester. Mtaalamu hamfundishi mtoto; anamwongoza mzazi kwa kutumia video za mzazi mwenyewe, na anatafuta zaidi vipande vile vilivyokwenda vizuri ili mzazi avione na avirudie. Walichukua watoto 152 wa miaka 2 hadi 4 kutoka Manchester, London na Newcastle. Nusu wakapata huduma za kawaida, nusu wakaongezewa PACT: kikao kila baada ya wiki mbili kwa miezi 6, kisha mara moja kwa mwezi miezi 6 mingine, na mazoezi ya nyumbani kila siku.

Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2010, na hayakuwa ya kushangilia. Wazazi walibadilika sana namna ya kuitikia, watoto wakaanza kuwasemesha wazazi zaidi, lakini dalili za usonji zenyewe zilipungua kidogo mno. Mwaka 2016 wakatoa matokeo ya kuwafuatilia, takriban miaka 6 baada ya tiba kuisha, wakiwa wamewapata watoto 121. Katika kundi la PACT, wenye dalili kali walikuwa asilimia 55 mwanzoni, sasa walikuwa 46. Katika kundi lingine walitoka asilimia 50 wakafika 63. Yaani tiba iliisha, lakini mzazi aliendelea kuwa mzazi.

Usonji hauponi kwa hii, na haijaundwa ili kuuponya. Wasiwasi wa watoto, kwa mfano, haukutofautiana kati ya makundi mawili. Walipojaribu baadaye kuipeleka na mashuleni kwa watoto 249, majibu yaliyotoka mwaka 2022 hayakuonyesha dalili kupungua kuliko kundi la kawaida, ingawa mawasiliano na watu wazima yaliboreka. Naweka yote mezani kwa sababu nimechoka na matangazo ya "mtoto aliyeponywa usonji kwa siku 21".

Maswali karibuni.

#2 Baba Pacha

Nimeweka kambi hapa. Mama, asante sana. Pacha wangu wana miaka 8, mmoja ana usonji na hasemi kabisa, anavuta mkono tu. Maswali mawili. Nimeshachelewa? Na pili, ukimfuata mtoto kila anachotaka si utamdekeza? Mimi nyumbani nasisitiza adabu.

#3 Mama Vifuniko

Kaka, kumfuata kwenye mchezo hakuna uhusiano na kumwachia akimbilie barabarani au ampige mwenzake. Hapana inabaki hapana. Nazungumzia ile nusu saa ambayo yeye ndiye mwenyeji na wewe ndiye mgeni. Mgeni hafiki kwa watu akaanza kupanga upya vyombo vyao.

Kuhusu umri, utafiti wa kwanza uliwachukua wadogo kwa sababu walitaka kuanza mapema. Ule wa 2022 ulikuwa na watoto wakubwa pia, umri wa shule. Na huyo anayevuta mkono anaongea tayari! Anakwambia "twende" kwa mkono. Ukifika kabatini, usifungue haraka. Simama, mtazame, ngoja. Akigusa mlango au akitoa sauti, sema "fungua" na ufungue hapo hapo. Asije akabaki anateseka kwa kukosa neno, lengo lako ni kumwachia nafasi tu. Picha nazo zinasaidia: picha ya kikombe, ya choo, ya begi la shule, anakupa picha unampa kitu. Watu watakutisha kwamba akizoea picha hataongea. Tafiti hazijaonyesha hivyo.

#4 Nesi wa Pwani

Hamjambo nyote. Mimi ni muuguzi, niko Kilifi, Kenya. Nataka kuongezea, maana wengi mtasema Manchester ni mbali na daktari wa usonji hampati.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi yaliyoundwa kwa ajili ya sehemu kama zetu. Ni vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji au ulemavu wa ukuaji. Hayahitaji mtoto awe amekwisha kupimwa na kupewa jina la tatizo, na kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote, kwani huku mzazi anaweza kungoja miaka kabla hajaambiwa neno usonji. Mkufunzi si lazima awe daktari bingwa. Mhudumu wa afya aliyefunzwa na kusimamiwa anatosha. Yalitumika Ethiopia, na kwetu Kilifi yamefika kupitia mradi wa utafiti unaoitwa SPARK. Mwaka 2022 likatolewa pia toleo la kujisomea mtandaoni bila malipo.

Hata hiyo PACT imejaribiwa nje ya Uingereza. Kule Goa, India, na Rawalpindi, Pakistani, waliirekebisha, wakawafunza wahudumu wasio mabingwa, wakaenda majumbani kwa familia 65. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: wazazi waliweza, na watoto wakaanza kuwasemesha zaidi.

Kitu ninachowaambia akina mama hapa ni kwamba msitafute muda mpya. Kuoga ni somo. Kuvaa ni somo. Kuchambua mchele, kuanua nguo, kumenya ndizi. Mathalan wakati wa kuoga: mimina kikombe cha kwanza, sema "maji!" Mimina cha pili, sema "maji!" Cha tatu kiinue juu, usimimine, mtazame. Mtoto anajua kinachofuata, kwa hiyo ana sababu ya kukuitikia kwa macho, kwa mguu, kwa mguno. Mkitumia mpangilio ule ule kila siku, yeye ndiye atakayeanza kuwadai.

#5 Mchovu wa Tabata

Naandika kwa heshima, lakini lazima niseme. Nimesoma uzi mzima nikiwa na hasira na machozi. Kila kitu ni mama. Mama kaa sakafuni, mama usiulize, mama hesabu kumi. Mimi naamka saa kumi alfajiri nakwenda sokoni, nina watoto watatu, baba yao alisema ukoo wake hauna watoto wa namna hii akaondoka. Mama mkwe anasema niliangalia nini nikiwa na mimba. Leo nakuja humu naambiwa mwanangu alikuwa ananiangalia na mimi ndiye niliyekuwa siangalii. Kwa hiyo ni kosa langu tena?

#6 Mwalimu Mstaafu

Mama wa Tabata, shikamoo nakupa mimi kwa hiyo kazi unayoifanya. Nimefundisha kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu kwa miaka mingi, na swali lako lina historia ambayo kila mzazi humu anapaswa kuijua.

Daktari Leo Kanner alipoandika kuhusu usonji mwaka 1943, kwa watoto 11 aliowaona Marekani, alitaja pia kwamba wazazi wao walionekana wakavu wa mapenzi. Mbegu ile ikaota. Miaka ya 1950 na 1960 akina mama waliambiwa waziwazi kwamba ubaridi wao ndio uliowafunga watoto, na Bruno Bettelheim wa Chicago akaisambaza imani hiyo kwa kitabu kilichosomwa sana mwaka 1967. Wapo waliotenganishwa na watoto wao kwa sababu hiyo. Aliyesimama kuipinga mapema ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. Kitabu chake cha mwaka 1964 kilisema chanzo kiko katika mwili na ubongo. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakachapisha utafiti wa jozi 21 za pacha, ukaonyesha jinsi nasaba inavyobeba uzito. Hapakuwa na mama mbaridi. Hapakuwa na ulichokiangalia ukiwa na mimba.

Sasa kwa nini mzazi ndiye afundishwe? Kwa sababu ishara za mtoto mwenye usonji ni ndogo, zinakuja zikiwa zimechelewa, mara nyingine zinapitia mlango ambao sisi hatuutumii. Mzazi wa kawaida, mwenye upendo wa kawaida, hazioni. Hata mimi mwalimu mwenye cheti sikuziona miaka kadhaa. Kuna kuvaa miwani hapa, hakuna kutubu. Na kama siku hiyo umetoka sokoni umechoka, lala. Mtoto anamhitaji mama aliye mzima. Hata hayo mafunzo aliyoyataja nesi yana sehemu ya mlezi kujitunza mwenyewe, waliona haiwezekani kuiruka.

#7 Mama Vifuniko

Dada wa Tabata, nisamehe kama nilivyoandika kumekuumiza. Nililia ile siku kwa sababu nilikuwa nimeamini mwanangu hanitaki. Video ilinithibitishia kwamba ananitaka, ila anabisha hodi taratibu. Nakuomba dakika kumi tu, unapomwogesha, kama nesi alivyosema. Ndugu zake wanaweza pia. Wa kwangu alimzoea binamu yake wa miaka 9 kuliko alivyonizoea mimi, kwa sababu yule hamfundishi, wanacheza tu kujifunika kanga na kufunua.

#8 Kijana wa Kimya

Mimi nina miaka 24, nina usonji, niliambiwa nikiwa na miaka 19. Huwa nasoma tu humu, leo nimeona niandike.

Tafadhali msimshike mtoto kidevu ili akuangalie. Kwangu mimi kumtazama mtu machoni ni kama kutazama taa ya gari. Nikikutazama sikusikii, nikitazama ukuta nakusikia vizuri sana. Mama Vifuniko aliandika uso uwe pale macho yanapofika kirahisi, hilo ni sawa, mtoto achague mwenyewe. Kulazimisha ni jambo lingine.

Na vifuniko msivitupe. Nikiwa mdogo nilikuwa narudia tangazo la redio neno kwa neno. Mama alidhani nimerukwa na akili. Nilikuwa nalirudia nikiwa na hofu, kwa sababu lilikuwa halibadiliki. Baba ndiye siku moja aliyelidakia katikati, akasema sentensi ya pili, nami nikasema ya tatu. Tulikuwa tukilisema pamoja mpaka nalala. Sikumbuki kama aliwahi kufundishwa na mtu.

#9 Mama Vifuniko

Kijana wetu, umenifundisha. Mwanangu naye hurudia sauti ya kondakta, "shusha, shusha", kila anapotaka kutoka mahali. Nilikuwa namkataza. Sasa najibu "haya, tunashuka", na tunatoka.

#10 Wa Muscat

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Oman, nyumbani tunasema Kiswahili, shuleni Kiarabu, na kwenye kituo cha tiba Kiingereza. Tumeshauriwa tuache Kiswahili ili tusimchanganye mtoto. Mke wangu Kiarabu chake ni cha dukani tu, mama yangu hajui Kiingereza kabisa. Tumekuwa kama mabubu nyumbani. Mna maoni gani?

#11 Mwalimu Mstaafu

Waaleikum salaam. Tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili na wale wa lugha moja hazikukuta kwamba lugha ya pili inawachelewesha zaidi. Na fikiria kazi yenyewe inayozungumzwa hapa: kufuata jicho la mtoto, kutaja papo hapo anachokiona, kumtania, kumwimbia, kumbembeleza. Nani anaweza kuyafanya hayo kwa lugha ya dukani? Mrudishieni bibi mjukuu wake. Aseme naye Kiswahili chake chote.

#12 Wa Muscat

Nimemsomea mama ujumbe huu kwa sauti. Amenyanyuka akaenda kumchukua.

#13 Baba Pacha

Narudi baada ya wiki tatu. Nilijirekodi. Maswali na amri 52 ndani ya dakika kumi, na nusu yake ni "acha". Sikumwonyesha mtu, nimewaambia nyie tu.

Kijana wangu anapenda kuzungusha mfuniko wa sufuria sakafuni. Nilikuwa naunyang'anya kwa sababu ya kelele. Wiki hii nilichukua wangu nikakaa pembeni, nikauzungusha wa kwangu. Aliniangalia mkono muda mrefu. Siku ya nne wangu ulipoanguka nikasema "puu!" na kunyamaza. Nilihesabu mpaka tisa.

Aliusukuma mfuniko wangu kwa mguu mpaka ukagusa goti langu. Nikauzungusha tena. Ulipoanguka nilichelewa kidogo kusema, na yeye akatoa midomo mbele, bila sauti, kama mtu anayetaka kuzima mshumaa. Pacha wake ndiye aliyepiga kelele: "Baba, anasema puu!"

Mama Vifuniko, baada ya hapo nafanya nini?

#14 Mama Vifuniko

Kesho keti pale pale, na mfuniko ule ule. Ukianguka, mngoje yeye aseme kwanza.